Maji Yaliyosikika Upande wa Kulia

Kwetu mlimani watu hatukuonana sana, tulisikiana. Migomba ikishasimama bega kwa bega, na mikahawa ikajaza nafasi iliyobaki chini yake, jicho halifiki mbali. Jirani yako anaweza kuwa hatua ishirini kutoka ulipo na usimwone hata pindo la kanga. Lakini ukitoka mlangoni asubuhi ulikuwa unajua kila mtu yuko wapi. Kule chini mtu anapasua kuni. Huku juu ng'ombe anagonga ubao wa zizi akidai majani yake. Upande wa kanisani mchi unatwanga, na kwa jinsi unavyotwanga unajua aliyeushika ameamka vibaya. Hakuna aliyeuliza sauti inatoka wapi. Uligeuza kichwa kidogo tu, ukajua, ukaendelea na kazi yako.

Mama yangu, kabla hajafariki, aliweza kuniita kutoka bondeni kwa sauti ambayo wala haikuwa kubwa, nami nikaifuata kupita vihamba vitatu vya watu bila kupotea. Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa, ambalo mtu hulirithi kwa baba yake na akifa huzikwa humo humo. Nimeishi mjini miaka mingi sasa, kwenye nyumba za kuta nyembamba ambako redio tatu husema kwa pamoja, na kitu ninachokikosa kuliko hata mtori wa mama, ule mchuzi mzito wa ndizi, ni huko kuitwa. Naikumbuka ile sauti, na nakumbuka kwamba ilikuwa na mahali pake.

Baba yangu hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi mjini Moshi, katika kiwanda cha mbao, akipanga chumba Majengo na kuja nyumbani mwisho wa wiki akinuka mbao za podo. Kazi yake ilikuwa kusukuma magogo kwenye msumeno wa mashine, na msumeno ulikuwa kushoto kwake, mwaka baada ya mwaka. Alipoacha kazi akarudi nyumbani, mimi nikiwa na miaka kama kumi na miwili, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa.

Niligundua kwa utani. Alikuja mgeni mmoja mwenye majivuno amevaa viatu viwili visivyofanana, nami nikamnong'oneza baba habari hiyo kwenye sikio la kushoto. Hakucheka. Na baba yangu alikuwa mtu wa kucheka. Mgeni alipoondoka nilimwuliza, naye akakubali, halafu akanipa amri ambayo niliishika kama katekisimu.

"Usimwambie mtu. Watu wakijua husikii, wanaanza kukusemea."

Basi nikawa mshirika wake wa siri. Tukienda njiani nilitembea kulia kwake. Kanisani nilimsogeza benchi la ukutani, ukuta uwe kushoto. Pabaya palikuwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Jumapili mchana watu hukaa kwa mduara, kata inazunguka, wanasema ishirini kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamsikia yule anayetaka kumsikia, kama mtu anayechagua maharage kwenye ungo. Baba hakuweza kuchagua. Kwake zile sauti zote zilikuwa uji mmoja. Alikaa akitabasamu, watu wakicheka naye anacheka, amechelewa kidogo. Wakasema tangu atoke mjini amekuwa mpole. Nilikuwa naona uchungu na nacheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu mara moja alicheka sana kumbe ilikuwa habari ya ng'ombe aliyekufa.

Ujamaa ulipopamba moto na kila kitu kikawa na kamati, mfongo wetu nao ulihitaji msimamizi. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unatoa maji mtoni huko juu karibu na msitu na kuyashusha kwenye vihamba kwa zamu. Babu yangu alikuwa msimamizi, kwa hiyo watu wakampa baba jembe la mfongo bila mabishano. Nilimwona siku ile akilipokea kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa kibarua wa msumeno miaka yote ile sasa alikuwa ndiye anayesema leo maji ni ya nani. Alibadilika hata mwendo.

Nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kimesimama hapo. Mfongo mkuu ulipita kushoto kwa nyumba yetu, ukiwa umesimama mlangoni unatazama bondeni na mlima uko mgongoni. Juu kidogo ya nyumba palikuwa na mgawanyo, na kutoka hapo tawi moja lilikwenda kulia, kwa mama mkubwa wangu. Huyu alikuwa mjane wa binamu mkubwa wa baba, hakuwa na mtoto wa kiume, na kihamba chake kilipakana na chetu. Siku isiyo ya zamu yake tawi lile huzibwa kwa magome ya mgomba na tope. Sasa maji yanayokwenda yanakotakiwa hayapigi kelele, yanateleza tu. Yenye kelele ni maji yanayoanguka pasipotakiwa. Kwa hiyo msimamizi hakuwa na haja ya kuzunguka usiku kucha kama mgambo. Alfajiri alisimama mlangoni, akanyamaza, akasikiliza. Babu alifanya hivyo miaka thelathini, na hakuna mwizi wa maji aliyemponyoka.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa kwa mama mdogo wangu huko Rau, nasoma sekondari ya mjini, na kila Jumamosi napanda nyumbani. Dada zangu walikuwa wameshaolewa, hivyo wiki nzima baba alikuwa peke yake na ng'ombe wake wawili. Mwaka ule mvua za masika zilichelewa mno. Kahawa ilijikunja majani. Mama mkubwa alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya nyumba, ameitunza tangu mbegu, akitaka kupanda upya kihamba chote kabla nguvu hazijamwishia. Miche ile ilikuwa uhai wake. Mjane asiye na mtoto wa kiume, akiacha kihamba kikauke, watu huanza kuulizana kwa sauti ya chini kinangoja nini.

Jumamosi moja nikafika nyumbani nikakuta mama mkubwa amehukumiwa. Watu wa chini walikuwa wamelalamika kwamba maji hayawafikii yote. Baba alisikiliza alfajiri tatu mfululizo, na mara zote tatu alisikia maji yakianguka upande wa kulia, kwa mbali. Alipotembea kwenda huko, yalizidi kufifia, na alipofika kwenye tawi la mama mkubwa palikuwa kimya, tope bado bichi. Akahitimisha kwamba mama mkubwa hufungua gizani na kuziba akisikia hatua zake. Kikao cha mfongo kikamtoza pipa la mbege na kumnyima zamu mbili. Alikana mara moja tu, waliniambia, kisha akanyamaza mpaka mwisho. Watu wakasema kimya hicho ndicho kukiri kwenyewe.

Jumapili alfajiri baba aliniamsha nikasikie mwenyewe. Tulisimama mlangoni, mimi kulia kwake kama kawaida. Palikuwa na ukungu, jogoo mmoja anawika, na maji yalikuwa yanaanguka mahali fulani.

"Umesikia? Ni kwa yule mama," alisema, akinyoosha mkono kulia.

Mimi niliyasikia kushoto. Wala hayakuwa mbali. Yalikuwa kushoto, ndani ya migomba yetu wenyewe.

Niseme wazi nilichofikiri, ingawa ni aibu. Nilijua baba ana sikio moja, lakini nilidhani ubaya wa sikio moja ni kusikia kidogo, kama mtu mwenye taa yenye utambi mfupi. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu anaweza kusikia kitu barabara na kukiweka pasipo pake. Kwa hiyo nilidhani anadanganya. Nilikumbuka kihamba cha mama mkubwa kinachopakana na chetu, nikakumbuka minong'ono ya watu, nikamtazama baba yangu niliyempenda nikaona mwizi wa ardhi ya mjane. Sikumjibu. Kumkatalia kungekuwa kusema hadharani habari ya sikio lake, au kumwita mwongo usoni, na vyote viwili vilinishinda. Jioni nikateremka zangu Rau. Wiki hiyo zamu ya kwanza ya mama mkubwa ilipita kavu.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Singasinga wa pale pale mjini, aliyezaliwa Moshi na kukijua Kiswahili kuliko wengi wetu, ingawa darasani alitakiwa kufundisha kwa Kiingereza. Akitaka tuelewe kweli, alifunga mlango na kusema Kiswahili. Wiki ile somo lilikuwa sikio. Alitaka mtu wa kujitolea, na kwa kuwa nilikuwa nimenuna tangu Jumatatu, akanichagua mimi. Nilifungwa macho kwa kitambaa, nikakalishwa katikati ya darasa. Yeye akazunguka kwa kunyata akigonga vijiko viwili, nami nionyeshe kwa kidole. Sikukosea. Mtoto wa migombani hakosei mambo hayo.

Kisha akaniziba sikio la kushoto, pamba kwanza, halafu kiganja cha mwenzangu juu yake. Vijiko vikalia. Nikaonyesha kulia, na darasa likacheka. Vikalia tena, nikaonyesha kulia, wakacheka zaidi. Nilikuwa na hakika kabisa. Ningeapa kwa kaburi la mama kwamba vijiko viko kulia, na walipoinua kitambaa vilikuwa kushoto, karibu kugusa bega langu.

Mwalimu alituliza kelele, akaeleza kwamba sauti hufika sikio la karibu mapema kidogo kuliko la pili, na kwamba kichwa chenyewe hulikinga lile la pili sauti isilifikie kwa nguvu ile ile. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata wewe mwenye kichwa huijui, ila ubongo wako unaijua, na ndiyo inayokuambia geuka huku. Sikio likibaki moja hakuna cha kulinganisha, kila sauti inaelekea kuja kutoka upande wa sikio lililo zima, na ikitoka upande mwingine husikika hafifu, kama ya mbali. Ndiyo maana pia, alisema, mtu wa sikio moja hupotea kwenye mazungumzo ya watu wengi, kwa sababu masikio mawili ndiyo yanayotusaidia kutenga sauti hii na ile.

Nikaanza kulia pale pale kwenye kiti. Wenzangu walidhani ni kwa sababu ya kuchekwa. Nililia kwa furaha kwamba baba yangu si mwongo, na ndani ya furaha hiyo hiyo nikaona nilichofanya. Nilikuwa na masikio yangu mawili, nikasikia ukweli, nikauacha pale mlangoni na kwenda zangu shuleni.

Jumamosi iliyofuata sikungoja hata kula, nikapanda nyumbani. Lakini baba alikuwa mtu wa heshima zake, na mtoto wa kike hawezi kumwambia baba yake umekosea kesi mbele ya kijiji kwa vile vijiko viligongwa darasani. Nililala na wazo moja. Alfajiri nilimwomba tusikilize tena. Maji yalikuwa yanaanguka. Akanyoosha mkono kulia.

"Sasa geuka utazame mlima, baba."

Aliniangalia kama naugua, lakini akageuka. Tukasimama tunatazama juu, bonde likiwa mgongoni.

"Maji yako wapi?"

Akanyoosha mkono kulia tena. "Hapa. Na yameongezeka."

Kisha mkono ukabaki hewani. Kulia kwake sasa kulikuwa upande wa pili wa nyumba, upande wetu. Aligeuka tena kutazama bonde, polepole, na maji yakamfuata kulia kama mbwa wake. Akageuka mlimani. Alifanya hivyo mara nne au tano, peke yake, bila mimi kusema neno. Nilikuwa namwona mtu mzima akijifunza kwamba dunia aliyoisikia miaka yote tangu atoke kiwandani haikuwa pale alipoiweka.

Tukaingia kwenye migomba yetu. Hatukwenda mbali. Kwenye ukingo wa mfongo, nyuma ya magimbi, fuko alikuwa amechimba shimo, na maji yalikuwa yanatoka hapo yakianguka kwenye mtaro wa zamani. Baba alikuwa amekagua kingo za kijiji kizima isipokuwa za kwake. Mganga hajigangi. Kila mahali majani yalikuwa yamenyauka, ila magimbi yetu yalikuwa yamenona, meusi kwa ujani, yamesimama kwenye maji ya watu. Msimamizi wa mfongo ndiye aliyekuwa anakunywa. Baba alichuchumaa akaziba lile shimo kwa mikono, kwa mawe na tope, na alipomaliza akabaki amechuchumaa. Aliniuliza kama wiki iliyopita nilisikia. Nikamwambia nilisikia. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Kisha akaenda mpakani akakata jani la isale. Huo ni mmea wa majani marefu unaoonyesha mipaka ya vihamba, na Mchagga akikosa sana hupeleka jani lake kwa aliyemkosea. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama mtu amemwaga damu. Kwa desturi hutumwa mtu kulipeleka, mzee mwenye maneno matamu. Baba alikataa kutuma. Njiani aliniambia kwamba tukitoka kwa mama mkubwa atakwenda kwa balozi wa nyumba kumi kurudisha jembe la mfongo, na kwamba ataeleza sababu mbele ya watu wote, kwa mdomo wake.

Mama mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na kitalu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Miche ilikuwa imesimama bado, kwa mistari, yote ya kahawia. Nilipogusa mmoja jani lilivunjika. Baba alipiga goti moja, akampa lile isale kwa mikono miwili, akamweleza yote, fuko, magimbi, na sikio. Alisema neno "kiziwi" kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji.

Mama mkubwa alilipokea jani. Akamwambia ainuke, goti lisichafuke. Kisha akasema kwamba marehemu mumewe, tangu aumwe sikio ujanani, alikuwa hivyo hivyo. Akimwita kutoka kwenye migomba, mume anakwenda upande mwingine, anarudi amekasirika. Alikuwa amemtambua baba siku nyingi, na siku ya kikao alijua mara moja kwamba aliyemhukumu ni sikio. Baba akamwuliza, basi kwa nini hakusema?

"Shemeji, ningesema pale mbele ya wanaume wote wale, wangekunyang'anya mfongo hapo hapo. Nikaona miche hupandwa tena."

Baba alimwomba arudie. Alikuwa amesikia, hakuna mtu mwingine aliyekuwa anasema pale. Mama mkubwa akarudia, neno kwa neno, na baba akalia mbele yetu bila kujificha uso. Mimi nilitazama chini kwenye ile miche. Tulikuwa wawili tulionyamaza kwa ajili ya baba. Gharama ya kimya changu aliilipa mama mkubwa, na ya kimya chake aliilipa yeye pia.